Kuelewana Kunakodhaniwa: Kiswahili katika Huduma za Afya ya Msingi Busia na Malaba

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia shule ya upili nchini Kenya amekutana na isimujamii katika karatasi ya pili ya Kiswahili, na aghalabu amewahi kutakiwa kutaja sifa za sajili ya hospitalini. Majibu ameyakariri: msamiati maalumu wa magonjwa na dawa, mfumo wa maswali na majibu, sentensi fupi, unyenyekevu kwa upande wa mgonjwa, kuchanganya ndimi kwa upande wa daktari. Huandika hayo, hupata alama zake, huendelea na swali linalofuata. Makala haya yananuia kuuliza jambo ambalo mtihani hauliulizi. Sajili hiyo inapotumika katika zahanati ya kijijini Teso Kaskazini, au katika kituo cha afya kilichoko viungani mwa mji wa Busia, je, wale wawili wanaozungumza huwa wameelewana?

Rai yetu ni kwamba Kiswahili cha zahanati za mpakani ni lugha ya pili au ya tatu kwa pande zote mbili za meza. Kwa sababu hiyo, hatari kubwa haiko katika kutoelewana kunakoonekana. Mgonjwa asiyejua Kiswahili hata kidogo hutafutiwa mkalimani mara moja. Hatari iko katika kuelewana kunakodhaniwa: mgonjwa amejibu, mhudumu ameandika, dawa zimetolewa, na kila mmoja ameondoka na maana yake.

Inafaa kutangaza mapema kwamba vielelezo vya mazungumzo vilivyomo humu si data iliyorekodiwa. Vimebuniwa na mwandishi kwa kufuata mazoea ya usemi wa eneo hilo, na msomaji aliyeishi Adungosi, Mundika au Amagoro atavipima kwa sikio lake mwenyewe.

Eneo, lugha na ngazi za huduma

Kaunti ya Busia ilikuwa na watu 893,681 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Upande wa kaskazini, Teso Kaskazini na Teso Kusini, lugha ya nyumbani kwa wengi ni Ateso, ambayo ni ya jamii ya Kinailoti na ni jirani ya Kikaramojong na Kiturkana. Ukishuka kusini unaingia katika lahaja za Kiluhya: Lukhayo huko Matayos na Nambale, Lumarachi huko Butula, Lusamia huko Funyula, na Lunyala huko Budalang'i. Dholuo husikika pia, hasa kuelekea Siaya na ziwani. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika Himaya ya Afrika Mashariki. Mstari uliotokana na uamuzi huo ukawaacha Wateso na Wasamia pande mbili za mpaka. Ndiyo maana mtu wa Malaba huwa na shangazi Tororo, na mtu wa Busia huweza kununua unga Uganda asubuhi na kurudi kuupika Kenya mchana.

Juu ya lugha hizo kuna barabara. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Bujumbura na mashariki ya Kongo hupita Malaba au Busia, na kila dereva huja na Kiswahili cha kwao. Kiswahili cha Mombasa, cha Nairobi, cha Bunia na cha mwanajeshi mstaafu wa Uganda vyote huketi kwenye benchi moja la kungojea huduma.

Mhudumu naye ametoka wapi? Amesomea taaluma yake kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Hata akiwa mzaliwa wa kaunti hiyo, Msamia aliyepangiwa kazi Angurai huwa mgeni wa Ateso. Kwa mgonjwa wa Angurai au Chakol, Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya serikali. Maumivu yake anayajua kwa Ateso. Kwa mhudumu, Kiswahili ni lugha ya kusemea na umma. Ugonjwa anaujua kwa Kiingereza. Wote wawili hutafsiri, kila mmoja kimyakimya, na hakuna anayemwona mwenzake akitafsiri.

Mfumo wa afya nchini Kenya umepangwa katika ngazi sita: jamii, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya kaunti ndogo, hospitali ya rufaa ya kaunti, na hospitali ya rufaa ya taifa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, vituo vya ngazi ya chini viko mikononi mwa serikali za kaunti. Wenyeji wengi tunaowazungumzia hukutana na ngazi tatu za kwanza tu, labda na ya nne huko Kocholya, Alupe, Khunyangu au Port Victoria. Katika ngazi hizo, anayeitwa daktari si daktari. Ni muuguzi au afisa wa kliniki, yaani tabibu aliyefunzwa kutibu magonjwa ya kawaida. Daktari wa familia wa mtindo wa Uingereza, anayewajua wagonjwa wake kwa miaka, ni adimu sana Kenya. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mabingwa wa fani hiyo mwaka 2005. Hata hivyo neno daktari hutumiwa kwa kila aliyevaa koti jeupe, pamoja na anayepima damu na anayegawa dawa. Mgonjwa akiambiwa arudi kumwona daktari, anaweza kurudi kwa yeyote kati ya hao watatu, tena kwa nia njema.

Huduma hizi zina historia ya bei, na bei ndiyo iliyowavusha watu mpaka. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001. Kenya ilipunguza malipo ya zahanati hadi shilingi 10 na ya vituo vya afya hadi shilingi 20 mwaka 2004, kisha ikayafuta katika ngazi hizo mwaka 2013. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika nafasi ya bima ya zamani ya hospitali, na mwananchi hutakiwa kujisajili. Kwa miaka yote hiyo wagonjwa wamekuwa wakifuata dawa zilipo na gharama ilipo nafuu, wakaja na maneno ya upande waliotoka. Aliyetibiwa Uganda huja akieleza omusujja na eddagala, na tabibu wa Kenya hutoa tafsiri yake ya haraka, homa na dawa, kisha huendelea kuandika.

Neno la kwanza na swali la kwanza

Tuanze na salamu. Mwalimu wa Kiswahili hufurahi kusikia salamu zikijibiwa ipasavyo, lakini katika chumba cha matibabu salamu huleta jambo la ajabu kidogo.

Tabibu: Habari yako, nyanya?
Nyanya: Nzuri, mwanangu. Habari ya kazi?
Tabibu: Njema. Nyanya, shida ni nini leo?
Nyanya: Ni homa tu, daktari.
Tabibu: Imeanza lini?
Nyanya: Juzi. Ikifika jioni inapanda.
Tabibu: Haya, nenda upimwe damu kisha urudi.
Nyanya: Kupimwa?

Nyanya amejibu "nzuri" kwa kuwa adabu inamtaka ajibu hivyo. Yoga ya Kiteso na mulembe ya Kiluhya hujibiwa kwa heri kwanza, shida zikafuata baadaye. Kisha ameongeza "tu", kipashio kidogo kinachoonyesha unyenyekevu wa mtu asiyetaka kumsumbua mkubwa. Mhudumu aliyezoea Kiingereza anaweza kuisoma "tu" hiyo kama kipimo cha ukali wa ugonjwa. Si hivyo. Ni kipimo cha heshima.

Neno zito zaidi ni homa. Katika kamusi zetu homa ni joto la mwili linalozidi kiasi. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Kenya, hasa mijini, homa ni mafua: pua kuziba, kupiga chafya. Katika eneo la ziwani, ambako malaria ni ugonjwa wa kila mwaka mzima, homa ni malaria yenyewe. Maana tatu, na zote sahihi kwa wasemaji wake. Tabibu kijana aliyekulia Nairobi akisikia "homa tu" anaweza kufikiria mafua kwa nusu dakika, na nusu dakika ni nyingi mlangoni kunapokuwa na watu arobaini.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Pendekezo hilo limepunguza uzito wa kosa la neno, kwani kipimo hakijali mtu amesema homa au omusujja. Ila lazima kwanza mtu fulani ashuku ndipo apime, na ushuku huanzia kwenye neno. Zaidi ya hapo, tazama nyanya alivyoshtuka. Tangu miaka ya 2000, vituo vya ushauri na upimaji wa virusi vya UKIMWI vilipoenea, kitenzi kupimwa kimejipatia maana ya pekee. "Umepimwa?" bila yambwa huelekea kuulizia virusi. Mama mzee anayeambiwa mbele ya mjukuu wake akapimwe damu amesikia jambo ambalo tabibu hakulisema. Pengine atakwenda. Pengine atapitia lango la nyuma na kurudi nyumbani.

Majibu ya kipimo yana taabu yao. Baadhi ya waandishi wa mabango wamechukua chanya na hasi kutoka hisabati ili kuelezea kuwapo na kutokuwapo kwa virusi. Katika Kiswahili cha magazeti, hatua chanya ni hatua njema na mtazamo hasi ni mtazamo mbaya. Mgonjwa aliyesoma hadi darasa la nane ana haki ya kufurahia majibu chanya. Wahudumu wengi wamelitambua hili bila kusubiri wanaisimu, wakarejea kwenye maneno ya kawaida: virusi vimeonekana, virusi havijaonekana. Hapa watumizi wa lugha wamewatangulia waundaji wa istilahi, na sisi tulio vyuoni tungefaa kuandika walichokifanya.

Kuna pia kitenzi kuendesha. Kamusi inatupa kuhara. Mkenya wa kawaida husema tumbo linamwendesha, au kwa kifupi anaendesha. Sasa weka neno hilo Malaba, mji ulio na madereva wengi kuliko walimu. Dereva anayesema "naendesha tangu juzi" anaweza kuwa ameeleza kazi yake au maradhi yake. Mfano huu unachekesha, na wenyeji huucheka, lakini yeyote aliyewahi kuona kipindupindu katika mji wa mpakani anajua swali la pili lina thamani gani.

Moja mara tatu

Sehemu iliyobeba uzito mkubwa kuliko zote katika sajili hii ni ile inayochukua muda mfupi kuliko zote, yaani dirisha la dawa. Bahasha ndogo huandikwa 1x3, au 2x2, na mgonjwa huambiwa "moja mara tatu". Tanzania husema "moja kutwa mara tatu". Hebu tulitazame neno kutwa. Asili yake ni kuchwa, jua kutua. Kutwa ni muda wa tangu macheo hadi machweo, na mwenzake ni usiku kucha. Msemaji makini wa Kiswahili akiagizwa ameze kutwa mara tatu ana kila sababu ya kuvimaliza vidonge vyote vitatu kabla ya magharibi, na usiku mzima mwilini mwake dawa ikapungua. Mhudumu alikusudia saa 24 zigawanywe kwa tatu. Kiswahili hakina neno moja la kawaida la saa 24. Siku ndiyo tunayoikopesha maana hiyo, nayo siku kwa wengi wetu huisha mtu anapolala.

Alama ya x nayo ni ya hisabati. Chukua dawa ya malaria iliyo ya kwanza kutumiwa Kenya, mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini, uliochaguliwa mwaka 2004 na kuanza kusambazwa mwaka 2006. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula, hasa chenye mafuta. Maelezo yote hayo husongwa katika maandishi 4x2 na sentensi moja. Tazama "saa nane" katika sentensi yenyewe. Kwa Kiswahili saa nane ni muda wa kupita na pia ni alasiri changa jua likianza kupinda. Mgonjwa aliyepewa dawa saa nne asubuhi na kuambiwa "ingine baada ya saa nane" anaweza kuimeza mchana huo huo au baada tu ya mchana huo. Kubadilisha mpangilio kidogo kungesaidia: "zikipita saa nane", au vizuri zaidi, "jua likizama".

Kisha kuna chakula. "Mara tatu baada ya kula" huchukulia kwamba nyumba hiyo hula mara tatu. Katika miezi ya kabla ya mavuno nyumba nyingi za vijijini hula mara mbili, nyingine mara moja. Mgonjwa mtiifu atameza dawa kila anapokula, na utiifu wake ndio utakaomponza.

Msomaji aliyetoka pwani ana la kuongeza hapa. Kwake yeye usiku wa Jumanne ni usiku unaoitangulia Jumanne, kwa kuwa siku huanza jua linapotua. Kwa mtu wa Busia usiku wa Jumanne huja baada ya mchana wa Jumanne. Dereva wa Mombasa aliyeagizwa Malaba amalize dawa usiku wa Jumanne anaweza kuzimaliza Jumatatu. Hatudai kwamba hilo hutokea kila siku. Tunadai kwamba hakuna aliyelipa nafasi ya kutajwa katika vitabu vya sajili.

Majaribio na idhini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Hapo ndipo neno idhini linapoingia.

Idhini, ridhaa na ruhusa hazilingani. Ruhusa huombwa na mdogo kwa mkubwa. Idhini ina harufu ya ofisi na muhuri. Ridhaa ni ya moyo: mtu ameridhika. Mama anayetia kidole gumba katika fomu ametoa ipi? Akiulizwa baadaye, mara nyingi atasema "niliweka sahihi", jibu linaloeleza kitendo cha mkono na kunyamaza kuhusu ridhaa.

Busia si mgeni wa jambo hili. Kati ya mwaka 1998 na 2001 shule 75 za msingi za huko kusini mwa wilaya ya wakati huo zilipewa dawa za minyoo kwa awamu, katika makundi matatu, ili watafiti walinganishe waliotangulia na waliosubiri. Utafiti huo ulipata umaarufu duniani, na Michael Kremer, mmoja wa waliouongoza, akawa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Mwaka huo huo wa 2019, mwezi Septemba, chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutolewa katika sehemu za kaunti nane za magharibi mwa Kenya, Busia ikiwamo, sambamba na Ghana na Malawi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ukazuka mjadala katika jarida la tiba la Uingereza kuhusu iwapo wazazi walipaswa kutoa idhini ya wazi, au kule kumleta mtoto kliniki kulitosha. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa matumizi mapana.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mgogoro ule ulikuwa na mzizi wa kimsamiati pia. Kiingereza hutofautisha jaribio la kisayansi na utoaji wa awali wa kitu ambacho tayari kimeshapimwa. Kiswahili cha kila siku huviita vyote viwili majaribio. Mhudumu akisema chanjo iko katika majaribio, mzazi husikia kwamba mwanawe anajaribiwa. Akilikwepa neno hilo kabisa na kusema "ni chanjo kama zile nyingine", amemtuliza mzazi, lakini amemnyima habari aliyostahili. Tunahitaji maneno mawili. "Utoaji wa awamu ya kwanza" ni mrefu na umekauka kidogo, ila ni mkweli.

Korona ilituletea mfano mwingine. Mwaka 2020 madereva wa malori walipimwa Malaba na Busia, foleni zikarefuka kwa makumi ya kilomita, na waliopatikana na virusi wakatakiwa kukaa peke yao. Neno lililotumiwa likawa kutengwa. Katika makanisa na koo zetu, kutengwa ni adhabu ya aliyekosa. Kwa wenyeji, uzito uliongezwa na mahali penyewe: Alupe, ambako baadhi ya wagonjwa wa Korona walitengwa, kwa miongo mingi pamejulikana kwa wagonjwa wa ukoma. Kujitenga, kwa kiambishi ji kinachomrudishia mtu uamuzi, kungeweza kupunguza ukali huo. Silabi moja tu, lakini imebeba tofauti kati ya mkosaji na mgonjwa.

Mkalimani asiyetajwa

Pale Kiswahili kinaposhindwa kabisa, hutafutwa mkalimani, na aliye karibu zaidi ni mtoto. Nyanya huja na mjukuu wa darasa la saba. Mtoto anajua Ateso ya nyumbani na Kiswahili cha shule, na kwa vikohozi na vidonda anatosha. Shida huanza mwili unapotajwa chini ya kiuno. Tafsida za Kiswahili, haja ndogo, sehemu za siri, siku za mwezi, hufunzwa darasani kama mapambo ya adabu. Hapa zinakuwa ukuta. Mama aliyepata nasuri baada ya uzazi mgumu, mkojo ukimtoka bila hiari, hawezi kulisema hilo kupitia kinywa cha mjukuu wa kiume. Atasema mgongo unauma. Atapewa dawa ya mgongo.

Mkalimani wa kweli wa mfumo huu ni mhudumu wa afya ya jamii. Mkakati wa afya ya jamii ulianza mwaka 2006 kwa kutegemea watu wa kujitolea. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wapatao 100,000 nchini mikoba yenye vifaa vya kupima joto, presha na sukari, kila mmoja akiangalia nyumba zipatazo mia moja; sheria ya huduma za afya ya msingi ikafuata mwezi Oktoba mwaka huo. Aghalabu mhudumu huyo ni mwanamke, jirani, mwenye umri wa kuitwa mama. Husalimu kwa Ateso, hueleza kwa Ateso, na huripoti kwa zahanati kwa Kiswahili kilichojaa Kiingereza. Kila siku yeye huunda istilahi. Presha imepanda, sukari imeshuka, damu imepungua, mtoto amekonda mkono: semi hizi zina sarufi yake, na kwa maoni yetu zina uhai kuliko orodha nyingi za istilahi zilizochapishwa. Mikoba yao ina vyombo vya kupimia kila kitu isipokuwa maneno.

Daktari wa tamthilia zetu

Fasihi ya Kiswahili haijaisahau zahanati. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyotoka mwaka 2009 na kusomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari, Daktari Siki anahudumu katika mji wa Cheneo usio na dawa, huku baraza la mji likifuja. Tamthilia hiyo imeuweka uozo wa utawala mahali pake. Lakini wahusika wote wa Cheneo husema Kiswahili kimoja, sanifu, na mgonjwa na daktari wake hawapotezani hata mara moja. Kanuni ya jukwaa inadai hivyo, na hatumlaumu mwandishi. Hata hivyo, msomaji wa Busia aliyeisoma darasani amefundishwa kwamba zahanati hukosa dawa, fedha na uongozi. Hajafundishwa kwamba inaweza kuwa na vyote hivyo na bado ikakosa neno. Mwandishi atakayethubutu kumweka nyanya wa Kiteso na tabibu wa Kisamia jukwaani, kila mmoja na Kiswahili chake, atakuwa na tamthilia tayari kabla hajatafuta mgogoro mwingine.

"Umeelewa?"

Swali linalofunga mazungumzo mengi ya zahanati ni "Umeelewa?" Jibu lake ni "ndiyo". Haliwezi kuwa jingine. Kumwambia daktari kwamba hukumwelewa ni kumwambia kwamba hakueleza vizuri, na mtu mzima mwenye adabu hamvunjii heshima mtu aliyemsaidia. Kwa hiyo swali hilo, ijapokuwa lina umbo la swali, kimatumizi ni kwaheri.

Lipo umbo jingine, na baadhi ya wauguzi wazoefu hulitumia bila kufunzwa na mwanaisimu yeyote.

Tabibu: Nyanya, ukifika nyumbani mzee atakuuliza dawa hizi zinamezwaje. Utamwambia nini?
Nyanya: Nitamwambia nne sasa. Halafu nne jua likizama.
Tabibu: Na kesho?
Nyanya: Kesho nne nikiamka, nne nikilala.
Tabibu: Na homa ikiisha kesho?
Nyanya: Nitamwekea mtoto zinazobaki.

Jibu la mwisho ndilo "Umeelewa?" isingelifichua kamwe. Nyanya ameelewa kila neno aliloambiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba homa kuisha si dawa kuisha, na kwamba vidonge vya mtu mzima si vya mtoto. Tazama pia mbinu: tabibu hakumtahini nyanya. Amemweka mzee wa nyumbani kuwa muulizaji, heshima ikabaki kwa wote.

Tumesikia pingamizi kwamba foleni ni ndefu na hakuna muda. Pingamizi hilo ni la haki. Mazungumzo yale hapo juu huchukua muda wa dakika moja, na dakika moja mara wagonjwa sitini ni saa nzima ya mhudumu mmoja aliye peke yake. Ila vituo vingi huwa na mafunzo ya asubuhi, wagonjwa wakiwa bado kwenye mabenchi, muuguzi akisimama kuwaeleza jambo moja la afya. Neno homa, alama ya 1x3, na swali la mzee wa nyumbani vinaweza kusemwa pale kwa wote sitini pamoja, kwa Kiswahili, kisha mhudumu wa afya ya jamii akayarudia kwa Ateso au Lukhayo. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopewa hati yake mwaka 2022, kiko kwenye barabara hiyo hiyo ya Busia kwenda Malaba, na wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu hawana haja ya kusafiri mbali. Kazi ya kwanza ingekuwa kuketi kwenye mabenchi hayo, kwa ruhusa ya kituo na bila kuandika jina la mgonjwa yeyote, na kuorodhesha maneno ambayo watu wanayo tayari kwa saa 24.